Vipisi vya mninga na mkongo msivifanye kuni: uzi wa vibao vya kukatia vya nyuzi za kusimama

Fundi Vipisi

Mtwara kuchele, wakuu.

Msimu wa korosho ukiisha mnajua wenyewe. Mtu kalipwa hela ya mnada, anataka milango, anataka kitanda cha sita kwa sita, mke wake anataka kabati la vyombo lenye vioo. Karakana zote kuanzia Magomeni mpaka Mikindani zinanguruma. Na nyuma ya kila karakana kuna lundo la vipisi: mninga wa shubiri mbili, mkongo wa futi moja, kipande cha mvule kilichotoka kwenye mlango wa zamani. Vyote vinakwenda kwa mama ntilie. Mninga unachemsha maharage, jamani!

Kuna kazi moja inayotaka vipisi vifupi hivyo hivyo, tena virefu havina faida yoyote ya ziada: vibao vya kukatia vya nyuzi za kusimama. Kwa asiye fundi: kibao cha kawaida cha jikoni nyuzi zake za mti zimelala. Kisu kikishuka kinazikata, mikwaruzo inaongezeka, baada ya muda kibao kinaota manyoya. Ukizisimamisha nyuzi zikatazama juu, makali yanapenya katikati yake, kama unavyochoma kisu kwenye mfagio wa chelewa uliosimamishwa. Ukichomoa, zinarudiana. Kibao kinakaa miaka na kisu hakiishi makali upesi. Gogo la buchani ni kitu hicho hicho, mti umekatwa kwa kukingama na ule uso wa juu wote ni nyuzi zilizosimama.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi. Watu wananijia na mbao yenye maua ya ajabu, mninga wenye mawimbi ambayo ukiigeuza kwenye mwanga yanatembea, wanasema "fundi nikatie vipande vipande nipate kibao cha kusimama". Nakataa. Yale maua unayaona kwa sababu nyuzi zimepindapinda na mwanga unazipiga ubavuni. Ukizisimamisha unatazama ncha zake tu, na ncha hazina mawimbi. Unabaki na vitone vya vinyweleo na pete za mti. Umeua mbao nzuri bure. Mbao ya maua ilaze, tengeneza sinia, au kibao cha kukatia mkate ambacho hakipigwi sana.

Kinachopendeza kwenye nyuzi za kusimama ni rangi na mipaka. Mninga mwekundu kando ya mwembe uliofifia. Mahali kiini cheusi kinapokutana na nyama nyeupe ya nje. Mwembe ulioanza kuliwa na kuvu ukachorwa mistari myeusi kama ramani, ule mstari umepita ndani kwa ndani, ukikata popote upo (ila kipande kiwe bado kigumu, kucha ikizama, tupa). Na nundu la mti, lile jipu linaloota kwenye shina, nyuzi zake zinakwenda kila upande, kwa hiyo ukilisimamisha au ukililaza maua yapo pale pale. Hayo ndiyo maua ya kutafuta.

Namna ninavyofanya. Chana fito za sentimita 3 kwa 3, urefu wa sentimita 60, kumi: tano nyeusi, tano nyeupe. Namba lazima iwe shufwa, nitaeleza. Zipange moja nyeusi moja nyeupe, gundisha ubavu kwa ubavu, unapata ubao wa upana wa sentimita 30. Ukikauka usawazishe pande zote mbili. Kisha ukate kwa kukingama, vipande vya sentimita 4. Hiyo 4 ndiyo itakuwa unene wa kibao. Bledi ya milimita 3 ukiihesabu, na kuacha kidogo cha kupotea, unatoka na vipande 13. Kila kimoja kigeuze ubavu ili uso uliokatwa utazame juu, na kila cha pili ukizungushe kichwa mkiani. Kwa kuwa fito ni shufwa, nyeusi inaangukia kwenye nyeupe na unapata drafti. Ukiwa na fito tisa, hata uzungushe mpaka kesho mistari itabaki mistari. Gundisha mara ya pili. Kibao cha sentimita 39 kwa 30, unene 4, uzito kama kilo 3.

Na huo urefu wa 60 ni wa kuchagua tu. Hata vipisi vya sentimita 20 vinafanya kazi, unaunganisha mbao fupi mbili tatu za mpangilio mmoja. Karibuni kwa maswali.

Kusini Kwetu

Mkuu mbona safari ndefu hivyo? Shamba kwetu mwembe umeanguka na upepo. Nikate kisahani cha mviringo, nipige msasa, nipake mafuta. Si nyuzi zimesimama tayari?

Fundi Vipisi

Zimesimama, na kitapasuka. Mti ukikauka husinyaa kuizunguka pete takriban mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda nje. Kisahani kizima hakina pa kukimbilia, kinafunguka mpasuko mmoja kutoka katikati mpaka kwenye ganda. Gogo la bucha nalo hupasuka, ila lina unene na mwenye bucha hajali. Ndiyo maana tunachana fito: kila fito inasinyaa kivyake kabla haijaungwa.

Huo mwembe wako usiuache chini. Pasua sasa hivi mbao za inchi moja na nusu, vichwa vipake nta au hata rangi iliyobaki ili maji yasitoke upesi kichwani, panga na vijiti katikati, chini ya paa, upepo upite. Mwembe bungua wanaupenda kuliko sisi tunavyopenda embe.

Randa Butu

Shikamoo fundi. Mimi niko Masasi, nimesoma useremala VETA. Mwalimu alitufundisha kichwa cha mbao hakishiki gundi. Sasa hapa tunagundisha vichwa vitupu si kitaachia?

Fundi Vipisi

Marahaba. Mwalimu wako yuko sahihi, lakini soma tena. Vichwa vinatazama juu na chini. Vinavyogusana ni mbavu za vile vipande, mara ya kwanza na mara ya pili pia. Ubavu kwa ubavu gundi inashika kuliko mbao yenyewe. Kinachoachisha ni mambo matatu: ubavu haukunyooka, klampu zilikazwa upande mmoja, au gundi yenyewe. Ile nyeupe ya kawaida ya ndoo ni ya viti, ikikutana na maji kila siku inalainika. Angalia kopo limeandikwa D3. Ukipata D4 ndiyo inayovumilia maji zaidi.

Mpingo ni habari nyingine. Una mafuta yake. Ukiukata leo ukaugundisha wiki ijayo, mafuta yameshapanda juu. Ukate, ufute kwa asetoni, usubiri ipepee, ugundishe hapo hapo.

Kusini Kwetu

Kwa hiyo kibao cha mpingo mtupu inawezekana? Hapo ndipo pesa ilipo bwana.

Fundi Vipisi

Inawezekana na sikushauri. Mpingo ni mzito kuliko maji, kipande kinazama. Ugumu ule unakula makali ya kisu, na sababu yote ya kusimamisha nyuzi ilikuwa kukilinda kisu. Uweke kama mstari mwembamba kati ya mraba na mraba. Wachonga vinyago wana vipisi vidogo wanavyotupa, zungumza nao vizuri, wape hata soda.

Bi Somoe wa Lindi

Mwanangu fundi, kazi nzuri, lakini mimi napikia shughuli, nina swali la jikoni. Hao wa afya wakija wanataka plastiki. Buchani magogo wamekwisha kuyapigia kelele. Leo nikimwonyesha bwana afya kibao cha mbao si ataniandikia faini? Na mbao si inanyonya damu ya nyama?

Fundi Vipisi

Shikamoo Bi Somoe. Kunyonya inanyonya, tena nyuzi za kusimama zinanyonya zaidi. Lakini kuna Mmarekani anaitwa Dean Cliver, yeye na wenzake walichapisha utafiti mwaka 1994. Waliweka bakteria kwenye mbao na kwenye plastiki. Kwenye mbao walivutwa ndani, baada ya muda mfupi juu ya uso hawakupatikana tena kirahisi. Plastiki mpya ilisafishika vizuri. Plastiki iliyokwisha kukwaruzwa na visu ndiyo iliyosumbua, maana uchafu unajificha kwenye mikwaruzo.

Plastiki ngapi jikoni kwako ni mpya, mama?

Mzee wa Rondo

Fundi, weka na upande wa pili. Walichopima ni miti ya kwao, mepo na mwaloni na kadhalika. Mninga hawakuugusa. Na mbao kunyonya bakteria si ruhusa ya kukatia kuku mbichi halafu kachumbari. Bi Somoe, nyama mbichi na samaki wawe na kibao chao, vinavyoliwa bila kupikwa viwe na chao. Na sehemu ya biashara ni mkaguzi anayeamua, si jukwaa hili. Mwulize kabla hujanunua.

Bi Somoe wa Lindi

Ahsante kaka. Kwa hiyo cha kwangu kitakaa nyumbani. Kuosha je? Harufu ya papa haitoki hata kwa dua.

Fundi Vipisi

Maji ya moto na sabuni, chapuchapu, pande zote mbili. Usikiloweke kwenye beseni hata siku moja. Kisha kisimamishe ubavu kikauke huku na huku. Ukikilaza kikiwa kimelowa, chini kunabaki na maji, juu kunakauka, kibao kinajikunja. Harufu ya samaki: chumvi ya mawe na nusu ndimu, sugua, acha kidogo, suuza.

Abuu Shangani

Wakuu samahani, naingia na tatizo. Nilinunua kibao cha aina hii Dar, kizuri kweli, kimezungushiwa fremu ya mbao nyeusi iliyoungwa kona kwa digrii 45. Nimekuja nacho Mtwara, hakijamaliza masika. Kona mbili zimefunguka na katikati kuna ufa. Aliyeniuzia anasema nimekiloweka. Sijakiloweka!

Fundi Vipisi

Hukukiloweka, nakuamini. Mbao ikipata unyevu hutanuka kwa upana, kwa urefu wa nyuzi haitanuki cha kuonekana. Kibao cha kusimama urefu wa nyuzi ni ule unene wake wa sentimita 4. Kwa hiyo upande mrefu na upande mfupi vyote vinatanuka. Fremu yenyewe nyuzi zake zimelala kwa urefu, haisogei. Umemfungia mtu anayenenepa kwenye mkanda wa chuma. Masika ikiingia hapa kwetu na hewa ya bahari ile, kitu kinasukuma kona mpaka ziachie. Kusi ikija na ukavu, kinarudi ndani na kupasuka katikati.

Dawa: toa fremu yote. Chana ule ufa kwa msumeno ukinyooka, gundisha upya, sawazisha. Kibao cha kusimama hakivai fremu. Ukitaka urembo, vunja kona kidogo na chimba vishikio viwili ubavuni.

Abuu Shangani

Shukrani sana. Kumbe ile fremu ndiyo niliyoilipia zaidi.

Mtu Kati

Namungo FC wakifungwa nao waseme ni masika 😂

Randa Butu

Fundi, nimegundisha mara ya pili, kibao kina mabonde. Nataka kukipitisha kwenye mashine ya kuranda, ile ya unene. Nianze na milimita ngapi?

Fundi Vipisi

SIFURI. Usikipitishe. Visu vya mashine ile vimetengenezwa kukwangua nyuzi zilizolala. Zikisimama vinazing'oa, ukingo wa nyuma unameguka vipande, na mashine inaweza kukishika kibao na kukirusha. Kilo 3 ikikujia tumboni hutauliza tena kwenye uzi.

Kama una ruta, ile mashine ya mkono ya kuchimbia mbao, tengeneza reli mbili zilizosawazishwa, ruta ipande juu yake kwenye kitanda kinachoteleza, upite taratibu ukila milimita moja moja. Kama huna, randa ya mkono iliyonolewa ikanoleka, lowesha uso kwa maji kidogo ili nyuzi zilainike, randa kutoka ukingoni kwenda katikati, usitokeze upande wa pili. Halafu msasa. Anza na namba 60 au 80, na hapo utakaa. Nyuzi za kusimama hazisagiki upesi na mkwaruzo wa 80 utauona ukishapaka mafuta, usiruke kwenda 180 kwa sababu mkono umechoka. Ukifika 180 kifute kwa kitambaa chenye maji, acha kikauke, malaika wa mbao, yale manyoya madogo, watasimama. Malizia na 220.

Barakoa vaa. Vumbi la mninga linawakamata kifua wengine, la mvule linawasha pua na macho, la mpingo linaweza kukutoa upele. Ukishazoea utasema hudhuriki, vumbi halijui mazoea.

Nahodha Mstaafu

Asalaam aleikum. Hapa Mikindani ufukweni kuna mashua mbovu zimelala, mbao zake za miaka na miaka, zimeiva kwa chumvi. Mwenyewe anaziuza kwa bei ya kuni. Hizo si ndizo mbao za kuokoa hasa?

Fundi Vipisi

Waaleikum salaam nahodha. Za kutengenezea meza ya barazani, benchi, fremu ya kioo, chukua zote na mimi niachie kidogo. Za kukatia chakula, hapana. Wewe unajua kuliko mimi kilichopakwa pale: sifa, yaani mafuta ya papa, mwaka baada ya mwaka, kalafati ya kuzibia kwenye kila mwanya, rangi za chini za kuzuia makombe ambazo kazi yake ni kuua viumbe. Vyote vimezama ndani, huwezi kuviranda vikaisha.

Nahodha Mstaafu

Kweli. Sifa ile haitoki. Nimekaa nchi kavu siku nyingi lakini nikishika ile mbao bado mkono unanuka bahari.

Ila ongezea hili kwa vijana. Misumari ya mashua imevunjikia ndani, juu huioni. Doa jeusi la buluu kwenye mbao ndilo linalokwambia chuma kipo. Piteni na sumaku kwanza.

Fundi Vipisi

Hilo la doa jeusi ni kweli kwa mbao zote zenye chuma, hasa zenye tanini nyingi. Mlango wa zamani nao uko hivyo: bawaba, komeo, misumari ya seremala aliyekwisha kufa. Kipande chenye doa kikate ukitupe, hata kama chuma umeshakitoa. Doa lile halidhuru sana, ila kwenye drafti linaonekana kama kovu.

Kwa kuwa tumefika kwenye mbao za kuokoa, niseme nisizozigusa. Nguzo za umeme na za simu, zimeshindiliwa kreosoti, ile dawa nyeusi ya lami, au ile dawa ya kijani yenye shaba, kromiamu na aseniki. Mbao za kenchi zilizotiwa dawa, za kijani kibichi, vipisi vyake viko kila nyumba inayojengwa na vinaonekana safi kabisa. Mbao yenye rangi ya zamani ambayo huijui, rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Mapaleti ya bandarini angalia muhuri: HT ni yaliyopigwa joto, MB yamefukizwa dawa ya gesi. MB acha. Na HT nayo hujui ilimwagikiwa nini njiani, mimi natengenezea rafu za viatu tu.

Kusini Kwetu

Na mataruma ya reli ya karanga? Babu anasema Nachingwea yalikuwa yamejaa.

Mzee wa Rondo

Reli ile ya Mtwara na Nachingwea ilikuja na mpango wa karanga wa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, na miaka ya 1960 ikafungwa ikang'olewa. Anayekuuzia leo "taruma la karanga" mwulize kalitoa wapi. Na taruma la mti lolote, liwe la reli gani, mara nyingi limelowa kreosoti. Hata kuni halifai.

Kwa miti ya kuchagua niongeze machache, maana nimeishi na misitu. Mninga ndio mfalme wa kazi hii huku kusini kwa sababu hauchezi: mvua au jua, kipimo kinabaki karibu pale pale. Vinyweleo vyake ni vikubwa kidogo, kwa hiyo mafuta usifanye ubahili. Mkongo, wengine mnauita mbambakofi, nao hauchezi na ni mgumu zaidi, ila una rangi ya manjano inayotoka ukilowa. Upakwe mafuta vizuri, na usiuweke kando ya mbao nyeupe bila kujaribu kwanza kwenye kipisi. Mvule wa milango ya zamani mzuri, lakini una mawe. Si methali, ni mawe kweli: mti ule hujaza chokaa ndani kwenye majeraha yake, bledi ikigonga meno yanaruka. Mtiki wa shamba la Rondo nao una mchanga mchanga ndani, unakula makali ya vyombo vya kazi na ya kisu cha jikoni.

Mkwaju hamjautaja! Kiini chake ni cheusi cha zambarau, kigumu, kinapendeza sana kikisimama. Nyama yake nyeupe ya nje itupwe, bungua hawaiachi.

Mmakonde wa Newala

Wazee naona mnaruka mti wetu. Mikorosho iliyozeeka inang'olewa kila mwaka kupisha mbegu mpya, magogo yamejaa yanachomwa mkaa. Kwa nini isiwe vibao? Na kumalizia tupake mafuta ya maganda ya korosho, babu zetu walipaka nguzo na mchwa hawakusogea.

Fundi Vipisi

Mmakonde mwenzangu, hayo mafuta ndiyo hasa nisiyoyataka karibu na chakula. Mwulize mbanguaji yeyote mikono yake ilikuwaje kabla ya kuzoea kujipaka majivu. Yanachubua ngozi. Mchwa hawasogei kwa sababu hiyo hiyo.

Mti wenyewe nao utomvu wake unawasha, na mbao ni laini, inabonyea. Wapo wanaofanya masanduku, sawa. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, ukoo mmoja, na utomvu wake unawadhuru watu wengine ukiwa mbichi, lakini mbao yake ikikauka kabisa inatumika jikoni sehemu nyingi duniani. Mkorosho uache kwenye makasha.

Mmakonde wa Newala

Haya. Na mafuta ya nazi je? Usiniambie nayo yanachubua.

Dada wa Dawa

Hapo niingilie, maana watu wananijia dukani. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani, alizeti, ufuta, haya ni ya chakula lakini hayakauki kwenye mbao. Yanakaa mle yanachacha, baada ya muda kibao kinanuka mafuta ya juzi. Mnachotaka ni parafini ya maji ya duka la dawa, ile nyeupe isiyo na harufu wanayopewa watu waliofunga choo. Haichachi.

NARUDIA: ya duka la dawa, chupa iliyoandikwa BP. Kuna kaka mmoja alisikia neno parafini akapaka mafuta ya taa. Kibao kizima kikanuka kandili.

Mtu Kati

Angalau mbu hawakusogelea kachumbari.

Fundi Vipisi

Dada ubarikiwe. Namna ya kupaka: kibao kiwe kikavu na kimekwisha msasa. Mimina, usipake kwa brashi kidogo kidogo. Mwaga katikati, sambaza kwa mkono, utaona kinakunywa na vitone vinatokea upande wa chini. Ndiyo, yanapita unene mzima. Acha usiku, kesho mwaga tena, mpaka kikatae. Kisha yeyusha nta ya nyuki sehemu moja na hayo mafuta sehemu nne kwa uzito, sufuria ndani ya sufuria ya maji, usiweke motoni moja kwa moja. Paka ikiwa vuguvugu, ikiganda futa. Utakapoona maji hayasimami tena juu kama shanga, rudia.

Bi Somoe wa Lindi

Mwanangu, na bei? Binti yangu anaolewa, nataka kimoja cha zawadi.

Fundi Vipisi

Hongera mama, karibu inboksi, hapa nikitaja bei mtanipasua. Niseme tu mbao yenyewe ni sehemu ndogo ya gharama, vipisi nimevipata karibu bure. Unalipia gundi, msasa na mikono. Anayeuza bei sawa na kibao cha nyuzi za kulala, ujue karuka msasa.

Abuu Shangani

Mimi nina rafiki ana hoteli ndogo ya wageni, Wazungu wanavitaka wabebe kwao. Kuna shida ya karatasi?

Mzee wa Rondo

Karatasi zianze huku nyumbani. Mbao ikitoka msituni ina mrabaha, ina alama ya nyundo ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na kusafirisha unahitaji hati ya usafirishaji. Kipisi cha karakana kimetoka kwenye mbao hiyo hiyo, kwa hiyo fundi atunze risiti za mbao alizonunua. Akiulizwa "mninga huu wa wapi" awe na jibu la maandishi.

Kwa nje ya nchi: mpingo uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, Kiambatisho cha II, pamoja na karibu ndugu zake wote wa jenasi ya Dalbergia, tangu 2017. Mninga na mkongo wa Afrika waliingizwa humo kwenye mkutano wa Panama mwaka 2022. Masharti yanatofautiana kati ya mbao ghafi na kitu kilichokamilika, kwa hiyo mgeni asibebe kwa kubahatisha, rafiki yako apite ofisi ya TFS hapo Mtwara aulize kwa aina na kwa idadi. Anayetaka mpingo wenye asili safi, Kilwa kuna vijiji vinavyosimamia misitu yao wenyewe. Kikole na Kisangi walipata cheti cha FSC, cha msitu unaotunzwa vizuri, mwaka 2009 kupitia MCDI, shirika la kuhifadhi mpingo. Mgeni akisikia hivyo analipa bila kubishana.

Randa Butu

Fundi nimefuata reli na ruta, kimenyooka. Nimeanza 80 tangu asubuhi mkono unatetemeka lakini hakuna mkwaruzo. Sasa nta ya nyuki Masasi naipata wapi? Dukani wanauza mishumaa wananiambia ni nta.

Fundi Vipisi

Mishumaa ya dukani ni parafini ngumu, acha. Watafute warina asali wa Liwale au Nachingwea, wengi wakishakamua asali masega wanayatupa. Omba masega. Yafunge kwenye kitambaa cha kanga kuukuu, tumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto yasiyochemka kwa fujo, bonyeza kwa mwiko. Nta inapanda juu, takataka zinabaki kitambaani. Ipue, iache mpaka kesho, itakuwa imeganda juu ya maji. Upande wa chini utakuta kaunga keusi, kwangua kwa kisu kabla hujaiyeyusha na mafuta.